Nani Atakushikia Funguo?

Somo: 1 Wafalme 1:1-48

Asubuhi hii twataka kunena nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja. Habari za kifo twazisikia katika kila maziko. Lakini habari za siku zile, au miezi, au hata miaka, ambapo mtu yu hai lakini hawezi tena kusema, "Fanyeni hivi," wala, "Msifanye," hizo hatuzisikii mimbarani.

Tuanze na jambo lililotupata katika ushirika wetu. Hatutataja jina la mtu wala mahali, kwa maana jamaa hiyo ingali pamoja nasi.

Palikuwa na mzee mmoja, mkulima wa majani chai, ambaye alikuwa mtunza hazina wa kanisa letu kwa miaka mingi. Mzee huyo alikuwa mwaminifu hata katika senti. Sadaka ilihesabiwa na watu watatu, ikaandikwa kitabuni, ikapelekwa benki siku ya Jumatatu. Hundi ya kanisa haikutoka bila sahihi tatu. Ikiwa mmoja wetu alikuwa na haraka na kusema, "Mzee, tia sahihi tu, tutaandika baadaye," yeye alivua miwani yake, akatutazama, akasema, "Ndugu, fedha za Bwana hazina baadaye."

Lakini mambo ya nyumba yake mwenyewe hakuyaandika mahali popote. Yote yalikuwa kichwani mwake. Yeye peke yake alijua ni nani aliyemkopesha, na ni nani anayemdai. Yeye peke yake alijua hati ya shamba imewekwa wapi. Funguo za sanduku zilikuwa mfukoni mwake mchana na chini ya mto wake usiku. Mkewe alipouliza, alijibiwa kwa upole, "Mama, usijisumbue, mimi nipo."

Asubuhi moja ya Jumanne alikwenda kukamua ng'ombe, asirudi. Mkewe alimkuta ameanguka karibu na hori, mdomo umepinda, mkono wa kuume hauna nguvu. Ulikuwa ugonjwa wa kiharusi. Tukampeleka hospitali, na madaktari wakamwokoa. Lakini ulimi wake haukufunguka tena, wala hakuweza kuonyesha kama anaelewa anayoambiwa. Mara nyingine alimtazama mkewe kana kwamba anamtafuta mtu mwingine nyuma yake.

Hospitali ikahitaji kulipwa. Fedha zilikuwapo, tena za kutosha. Mama akachukua kitambulisho cha mumewe na cheti chao cha ndoa, akaenda benki. Karani aliyempokea alikuwa kijana mwenye adabu. Akamwambia, "Mama, pole sana. Lakini akaunti hii ni ya mzee, na mzee yu hai. Bila sahihi yake, au amri ya mahakama, hatuwezi kumpa mtu mwingine." Mama akamwambia, "Mimi ni mke wake wa miaka arobaini na mmoja." Kijana akainamisha kichwa, akasema, "Najua, Mama." Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Juma lililofuata mtoto wao, kifungua mimba, akaja kutoka Nairobi. Alikuwa na karatasi ya kuuza kipande cha shamba, na kidau cha wino. Akatuita sisi wazee wa kanisa tuende hospitali tuwe mashahidi. Alisema baba yake atatia alama ya kidole. Nasi tukaenda.

Wapenzi wasikilizaji, hatukumwona kijana huyo kuwa mwizi, wala leo hatumwiti mwizi. Deni la hospitali lilikuwa likiongezeka kila siku, naye alitaka kulilipa. Tukasimama kando ya kitanda. Kijana akaushika mkono wa baba yake, akakichovya kidole cha gumba katika wino. Mzee alikuwa akitazama dirishani. Wawili kati yetu walikuwa wamekwisha kushika kalamu.

Ndipo mama akasema kwa sauti ndogo, "Wazee wangu, naomba niwaulize neno moja tu. Miaka yote mume wangu aliyoshika fedha za kanisa, kuna siku hata moja alitia sahihi mahali asipopajua?"

Hakuna aliyejibu. Tukaziweka kalamu chini. Mama akachukua kitambaa, akakipangusa kile kidole mpaka wino ukatoka. Kijana akatoka nje bila kuaga.

Tuliona aibu siku ile, na mpaka leo twaiona. Maana kidole cha mtu asiyejitambua kikishikwa na kugandamizwa karatasini, hiyo si idhini yake. Aliyekishika ndiye aliyesema, na waliotia sahihi kuwa mashahidi wameshuhudia uongo. Nasi tulikuwa karibu kufanya hivyo, tena tukiwa na Biblia mikononi.

Basi na tufungue hiyo Biblia. Katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya kwanza, twasoma habari za mfalme Daudi alipokuwa mzee sana. Walimfunika nguo, lakini hakupata joto. Yule aliyemwangusha Goliathi sasa hawezi kujipasha moto mwenyewe. Na nyumba yake ikawa na swali ambalo hakuna aliyethubutu kuliuliza mbele yake: ni nani atakayeshika mambo haya?

Kwa kuwa baba alinyamaza, mwana mmojawapo akajiinua. Adoniya akajiwekea magari na wapanda farasi, na watu hamsini wa kupiga mbio mbele yake. Akafanya karamu huko En-rogeli, akawaalika ndugu zake, lakini Sulemani hakumwalika. Angalieni mstari wa sita. Imeandikwa hapo kwamba baba yake hakupata kumkasirisha kwa kumwuliza sababu ya matendo yake. Daudi alipigana na simba na dubu, lakini kwa mwanawe hakuwa na swali hata moja. Mara ngapi sisi wazazi tu hivyo! Tunaogopa kuongea na watoto wetu juu ya mashamba na fedha, tukidhani kwamba kunyamaza ndiyo amani. Kumbe twawaachia vita.

Lakini tumshukuru Mungu kwa ajili ya Nathani nabii. Yeye hakusema, "Mfalme ni mgonjwa, tusimsumbue." Alimwendea Bath-sheba, na Bath-sheba akaingia chumbani kwa mumewe, akamwambia waziwazi kwamba macho ya Israeli yote yamemwelekea yeye ili atamke. Na Daudi, mwili wake ungali baridi, akili yake ilikuwa bado moto. Akatamka.

Tazameni mambo matatu aliyoyafanya. La kwanza, alinena kwa kinywa chake mwenyewe akili yake ingalipo. Hakungoja mpaka watu wamkisie. La pili, alifanya mbele ya mashahidi. Aliwaita Sadoki kuhani, Nathani nabii, na Benaya, watu wasioweza kunyamazishwa na karamu ya Adoniya. Na la tatu, jambo lile lilianza kazi yeye mwenyewe angali hai. Sulemani alipandishwa juu ya nyumbu wa mfalme, akatiwa mafuta huko Gihoni, akaketi, na Daudi kitandani mwake akamshukuru Mungu kwamba macho yake mwenyewe yameona.

Hilo la tatu ndilo twataka mlishike, kwa kuwa hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Twasema, "Mimi nimekwisha tengeneza mambo yangu, nimeandika wosia." Ni vizuri sana. Tangu Sheria ya Urithi ilipoanza kutumika hapa Kenya tarehe 1 Julai 1981, twajua kwamba wosia wa maandishi hutiwa sahihi na mwenyewe mbele ya mashahidi wawili, akiwa na akili timamu. Lakini wosia hulala usingizi mpaka mwenyewe afe. Mzee wetu hakufa siku ile horini. Alikaa miezi kumi na minne. Kama angalikuwa na wosia, ungalikaa sandukuni miezi yote hiyo bila kusema neno.

Wengine husema, "Mimi nimemwandika mke wangu benki kuwa ndugu wa karibu." Au, "Katika chama chetu cha akiba na mikopo nimeandika jina la binti yangu." Hayo nayo ni mazuri, lakini kuandikwa hivyo hakumpi mtu ruhusa ya kutoa fedha zako wewe ungali hai. Benki hujua ni nani wa kupashwa habari. Chama hujua akiba itakwenda kwa nani ukifa. Lakini katikati ya afya na kifo kuna bonde, na majina hayo hayavuki bonde.

Basi kuna njia gani? Twataka kwenda polepole hapa, na mwenye kalamu aandike.

Njia ya kwanza ni hati ya uwakili. Katika Biblia yetu ya Kiswahili neno wakili latumika kwa mtu aliyewekwa kutunza mali ya bwana wake. Hati hii ni karatasi ya kisheria ambayo kwayo wewe, ukiwa na akili zako, wampa mtu mwingine mamlaka ya kufanya jambo kwa jina lako: kutia sahihi, kupokea fedha za majani chai, kulipa karo, kukodisha shamba. Waweza kumpa mambo mengi au jambo moja tu. Ikiwa yahusu ardhi, haina budi kusajiliwa katika ofisi ya ardhi. Hati hii yamfaa sana mtu ambaye miguu imekataa lakini kichwa kiko sawa, au aliyepofuka macho, au aliye mbali ng'ambo.

Lakini sikieni, maana jambo hili wengi hawaambiwi. Hati ya uwakili ya kawaida hukoma mwenyewe akifa, na kwa kanuni ya sheria tuliyoirithi kutoka Uingereza, hukoma pia mwenyewe akipotewa na akili. Wakili hufanya kwa nguvu ya yule aliyemtuma, na yule aliyemtuma akiwa hawezi tena kutuma, chemchemi imekauka. Waingereza wenyewe waliona shida hiyo. Mwaka 1985 walitunga sheria ya hati inayodumu hata akili ikipotea, na tangu Oktoba 1, 2007 wanayo hati mpya chini ya sheria yao ya mwaka 2005. Ndugu zetu Wakenya wanaokaa huko wanaweza kuitumia kwa mambo yao ya huko. Lakini msifikiri kwamba karatasi iliyoandikwa hapa kwa namna ya kawaida itafanya kazi hiyo hiyo. Mwulizeni wakili wa sheria kabla ya kutia sahihi, mkamwambie waziwazi, "Nataka kujua itakuwaje nikipoteza fahamu."

Njia ya pili ni mahakama. Sheria yetu ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, iliyorekebishwa mwaka 2022, yaruhusu mahakama kuweka msimamizi wa mali ya mtu ambaye akili yake haiwezi tena kuyashika mambo yake. Daktari huandika, jamaa hujulishwa, na jaji husikiliza. Aliyewekwa si mrithi. Hutakiwa kuorodhesha mali na kutoa hesabu mbele ya mahakama, wala hana ruhusa ya kuuza shamba bila idhini ya mahakama hiyo. Ndiyo njia mama aliyoipitia. Sisi tulifanya harambee kwa deni la hospitali, tukamsindikiza kwa wakili. Ilichukua miezi saba, nauli nyingi, na machozi. Mwishowe mama na binti yao wa pili wakawekwa pamoja kuwa wasimamizi.

Sasa ikiwa mahakama ndiyo itakayoamua, kuna faida gani kusema mapema? Faida ni kubwa. Andika ukiwa mzima, kwa lugha nyepesi, "Nikishindwa kujiongoza, nataka fulani na fulani wanisimamie, na sababu zangu ni hizi." Weka tarehe, tia sahihi mbele ya mashahidi. Andiko hilo halimfungi jaji, lakini humwonyesha nia yako, na zaidi ya hayo huwaonyesha watoto wako. Wengi hugombana kwa sababu kila mmoja hudai kwamba yeye ndiye anayejua baba alitaka nini. Baba akiisha sema, fitina hupungukiwa na kuni.

Ndugu mmoja alipoyasikia haya alituambia, "Mchungaji, kusema habari za kupotewa na akili ni kujitabiria mabaya." Hapana, ndugu. Anayechimba mtaro kabla ya masika haiti mvua. Mvua itakuja au haitakuja, naye amelinda ukuta wake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwingine akasema, "Mimi namtumaini Mungu, yeye atatunza." Amina, atatunza. Lakini Mungu aliitunza Misri katika njaa ile kwa mikono ya Yusufu, na Yusufu alijenga ghala miaka saba kabla. Imani haikatazi ghala.

Tena kuna wanaoona haya. Huona kwamba kusahau kwa uzeeni ni laana, au ni kazi ya wachawi. Katika nchi yetu wako wazee waliopigwa, hata wakauawa, wakiitwa wachawi kwa sababu ya mvi zao na mienendo ya uzee wao. Hiyo ni dhambi mbele za Mungu. Ubongo ni kiungo cha mwili kama ini na goti, nao waweza kuugua. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kupata malezi kutoka kwa jamaa zao na Serikali. Nasi tulio wa Kristo tulikuwa na amri ya tano zamani sana kabla ya hapo.

Wala msikate tamaa mkiona mzazi ameanza kusahau kidogo. Sheria haiulizi, "Ana miaka mingapi?" Huuliza, "Je, anaelewa jambo hili analotia sahihi leo?" Mtu aweza kusahau alikula nini asubuhi, lakini ajue vizuri ni nani kati ya watoto wake anayeweza kumwamini. Katika saa hiyo iliyo nyeupe, mwiteni daktari, mwiteni wakili, mketi naye. Lakini msingoje. Mlango huo hufungwa polepole, na ukiisha kufungwa hakuna wa kuufungua ila jaji.

Sasa, umchague nani? Twawashauri msimchague mtu kwa sababu tu ni kifungua mimba, au kwa sababu ana gari. Bwana wetu alifundisha kwamba aliye mwaminifu katika lililo dogo huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia. Mtazame yule unayemtuma dukani naye akurudishie chenji bila kuulizwa. Mtazame yule anayeweza kukuambia, "Baba, hapo si sawa," asiogope. Msiwadharau binti zenu, hata walioolewa. Wewe usiye na watoto, waweza kumchagua ndugu au rafiki katika Bwana. Na mkiweza wachagueni wawili, ili mmoja awe jicho la mwenzake. Kanisa lataka sahihi tatu kwa sadaka. Je, nyumba yako haistahili hata mbili?

Kisha mwambie uliyemchagua. Mwambie kwa kinywa, mbele ya wenzake. Mwonyeshe hati ya shamba iko wapi. Andika katika daftari: akaunti hizi, madeni haya, ng'ombe hawa, namba ya chama hii. Ikiwa una akaunti pamoja na mkeo au mumeo ambayo sahihi ya mmoja yatosha, ni msaada mkubwa siku ya dharura, lakini nenda ukaulize benki yako watafanya nini mmoja akipoteza fahamu. Waulize sasa, wewe mwenyewe, ungali umesimama kwa miguu yako.

Na wewe uliyechaguliwa, au unayemtunza mzazi aliyekwisha kuchoka akili, tuna neno kwako pia. Huenda umeshika simu ya bibi yako, na namba yake ya siri waijua. Huenda ndiwe unayempokelea posho ya wazee ya Inua Jamii. Nunua daftari la shilingi chache. Andika kilichoingia na kilichotoka. Fedha zake zisichanganywe na zako hata siku moja, hata kama wakusudia kurudisha. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kinachotafutwa katika wakili ni awe mwaminifu. Na wakili mwaminifu hakasiriki akiombwa hesabu. Mwite mzazi kwa jina lake la heshima. Mwulize, "Mama, leo wataka kuvaa gauni lipi?" hata kama hatajibu. Akili ikiondoka, mtu bado yupo, naye angali sura ya Mungu.

Katika kitabu cha Danieli, sura ya nne, twasoma juu ya mfalme Nebukadreza. Akili yake iliondoka, akala majani kama ng'ombe. Ule mti mkubwa wa ndoto yake ulikatwa, lakini shina lake liliachwa ardhini, limefungwa kwa pingu ya chuma na shaba. Na nyakati saba zilipotimia, fahamu zikamrudia, mawaziri wake na wakuu wake wakamtafuta, naye akaimarishwa tena katika ufalme wake. Ufalme ulikuwapo wa kurudiwa! Basi na wewe msimamizi, wewe ni ile pingu. Kazi yako ni kulilinda shina, si kulipasua kuni. Ndugu yako aweza kupona akauliza, "Ng'ombe wangu wako wapi?" Na asipopona hapa duniani, yuko Mmoja atakayeuliza kwa niaba yake.

Mzee wetu hakupona. Alilala katika Bwana mwezi wa kumi na nne. Siku ya maziko kifungua mimba alikuja, akasimama nyuma ya umati, akatupa udongo wake, akaondoka kabla ya chakula. Hajakaa meza moja na mama yake tangu siku ile. Alipokwenda kwake mama alimwambia, "Mwanangu, sikukuita mwizi. Nilitaka tu baba yako asifanywe mwongo katika kitanda chake." Bado tunawaombea wote wawili, nasi twaamini Mungu anasikia. Lakini kila tunapomwona mama peke yake katika benchi lake, twafikiri kwamba saa moja ya mazungumzo, na karatasi moja, ingaliwaepusha haya yote.

Juma lililofuata maziko, sisi wazee tulikutana. Tukaulizana, "Kati yetu ni nani aliyekwisha kumwambia mtu atakayemshikia mambo yake?" Tulikuwa watu kumi na wawili, pamoja na mchungaji. Hakuna mkono ulioinuka. Tulikuwa tumewafundisha watu uwakili wa sadaka, wa muda, na wa vipawa, lakini sisi wenyewe funguo zetu zilikuwa bado mifukoni. Tukakubaliana kwamba kabla ya Pasaka kila mmoja ataketi na jamaa yake. Baadhi yetu tumefanya. Wengine bado twaona haya, na ndiyo sababu tumeyaleta maneno haya redioni, ili tusipate pa kujificha.

Mwisho, tumtazame Bwana Yesu mwenyewe. Katika Injili ya Yohana, sura ya 19, alikuwa ametundikwa msalabani. Mikono yake ilikuwa imegongomewa misumari, haiwezi kufanya lolote. Hakuwa na shamba, hata vazi lake lilikuwa limepigiwa kura. Lakini alikuwa na mama. Na katika maumivu yale, kabla sauti yake haijakatika, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, na mwanafunzi kwa mama. Tangu saa ile mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Ikiwa Mwokozi wa ulimwengu hakuona kwamba jambo la nyumba ni dogo mno kwa saa kuu kama ile, sisi tutasema tuna kazi nyingi?

Basi leo jioni, chai ikiisha kunywewa, zima redio. Waite walio wako. Weka funguo mezani.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyetubeba kabla hatujajua kusema, nawe utatubeba hata tusipojua kusema tena. Utupe ujasiri wa kunena wakati kinywa kingali chetu. Uwape watoto wetu moyo wa uaminifu. Uwakumbuke walio vitandani leo wasioweza kujitetea, na wanaowatunza usiku na mchana. Utupatanishe na wale tuliotengana nao kwa ajili ya mali. Na siku mikono mingine itakapotufunga mshipi, tujue kwamba chini ya mikono hiyo iko mikono yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.